Mlango wa Upande Wangu

Nilianguka kutoka kwenye pikapu ikitembea, na bado niko hapa nasimulia. Nyonga ya kulia haikurudi ilivyokuwa. Watu husema Mungu aliniokoa, na mimi sikatai, nilisimama kanisani nikamshukuru mbele ya wote. Lakini si Mungu aliyeulegeza ule mlango. Waliofanya hivyo nawajua, na kwa sababu sikusoma kiasi cha kujua kuzungusha maneno, nitawasema.

Wa kwanza ni mwenye gari. Alikuwa na duka la nafaka Kibwezi, na hiyo pikapu aliinunua ikiwa tayari imechoka kwa watu wengine. Mlango wa abiria ulikuwa umelala. Ukiufungua unashuka kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kujilaza, na kuufunga ni lazima uuinue kwa mikono miwili halafu uubamize. Akiambiwa, anacheka. "Gari inaenda kwa mlango? Inaenda kwa injini!"

Wa pili ni fundi wake wa kuchomelea. Ugonjwa ulikuwa kwenye bawaba: pini zimelika, mlango unacheza. Yeye bawaba hakuzigusa. Alikata ile ndoano inayoshika kitasa, akaichomelea tena chini kidogo, ili ikutane na mlango hapo ulipolala. Ni kama mtu mwenye mguu mfupi, badala ya kumtafutia kiatu, unamchimbia njia. Mlango ukafunga, wakapongezana. Kumbe ulikuwa unashika kwa ncha tu.

Kuna wa tatu, lakini huyo sitampeleka kwa chifu, kwa sababu ni desturi yetu sisi Wakamba. Dereva wa ile pikapu alikuwa mume wa binti yangu. Na mama mkwe na mkwe wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya: hamgusani, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anapisha. Wengine kanisani walikuwa wameanza kusema hayo ni ya zamani. Mimi na yeye tulikuwa bado tunayashika.

Sasa tia watu kama hao kwenye kiti kimoja cha pikapu. Mimi nilikuwa nanunua nyanya kwa wakulima wa mtoni Kibwezi, napeleka kuuza Kambu, kwenye barabara ya Mombasa. Kila safari ni hivyo hivyo. Yeye amejibana kwa mlango wake, mimi nimejibana kwa mlango wangu, kikapu katikati kama mzee wa baraza. Uzito wangu wote, na sikuwa mwembamba miaka hiyo ya themanini, ulikuwa kwenye mlango ulioshika kwa ncha. Kwenye kona moja ukafunguka, nikatoka.

Mwenye gari alikuja kuniona hospitali na sukari. Akasimama pale mbele ya wagonjwa wengine. "Mama, mlango unafungwa kwa nguvu. Nyinyi akina mama mnaufunga kama mlango wa kabati." Wagonjwa wakacheka. Ningekuwa na nguvu ningemrudishia sukari yake usoni.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na fimbo. Kupanda nyuma na makreti sikuweza tena, mguu haupandi. Kilichobaki ni kile kiti cha mbele, na mlango ule ule. Nikasema sikai hapo. Wakulima wa mtoni wakaningoja, halafu wakaanza kumpa nyanya mwanamke mwingine. Sikumlaumu. Nyanya haingoji. Lakini nilijua nikikaa hivyo hadi mvua, nafasi yangu Kambu imekwisha, na mimi sikujua kazi nyingine.

Asubuhi moja nikasikia pikapu inaingia uani. Binti yangu alishuka nyuma na mtoto mgongoni. Mkwe wangu alishuka na mfuko wa spana.

Lazima nieleze mtu huyu. Stejini Kambu alikuwa mdomo mtupu. Aliwatania makanga wa mabasi mpaka wanamtupia maganda ya maembe. Akifika kwangu anakuwa kama kiti. Siku hiyo vilevile, aliangalia kuku, akaangalia tangi, akamwambia mke wake, "Mwambie mama nimekuja kufanya mlango."

"Si amekusikia? Yuko hapa."

"Wewe mwambie tu."

"Mama, amekuja kufanya mlango."

"Muulize bwana yako nani amemtuma," nikasema.

"Mwambie hakuna. Mwenye gari amekataa. Nimemwambia basi atafute dereva mwingine, mpaka niufanye. Akasema fanya na mkono wako mwenyewe."

Nikavuta kigoda mlangoni mwa jikoni nikaketi. Nilitaka kuona, na nitakubali nilitaka pia ashindwe kidogo.

Hakushindwa. Kwanza aliufungua mlango, akaushika kwa ncha, akauinua na kuuachilia. Ukalia *ko, ko*. Akamwambia binti yangu, kwa sauti ya kufika jikoni, "Sikia hiyo. Hiyo ndiyo ilimtupa mama. Si kufunga vibaya."

Hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti. Niliangalia chini, nikachagua mawe kwenye maharagwe ambayo nilikuwa nimeshamaliza kuyachagua.

Alikuwa amepata pini kutoka kwa pikapu ya aina hiyo iliyopinduka karibu na Kambu na kuuzwa vipande vipande. Bushi, zile pete ambamo pini hukaa, hakupata, kwa hiyo alikuwa amezikata mwenyewe kutoka bomba la shaba na kuzipiga tupa zikaingia bila kucheza. Alitoa pini ya juu ya zamani, akaiweka kwenye kiganja cha mtoto. Katikati ilikuwa imelika ikawa kama mfupa ambao mbwa amechoka nao. Aliweka jeki chini ya mlango, juu yake kipande cha mbao na gunia lililokunjwa, asiumize rangi ambayo hata haikuwepo. Nilipenda hilo gunia. Mtu anayeheshimu gari la mtu mchoyo namna ile, huyo ni mtu.

Shida ikaja kwenye kulinganisha matundu ya pini. Mlango ulihitaji mtu wa kuushika kwa nje na kuusogeza kidogo kidogo, naye mkwe wangu awe ndani kwenye bawaba na nyundo. Binti yangu alijaribu. Mtoto mgongoni akalia, akamvuta nywele, mlango ukaenda kombo.

"Toka hapo," nikasema. "Nyonyesha mtoto."

Nikaacha fimbo, nikashika ncha ya mlango. Mkwe wangu akaweka nyundo chini. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye dirisha la mlango, likaziba. Sasa yeye hanioni, mimi simwoni. Katika maisha yangu nimeletewa blanketi na sukari na mbuzi wa mahari, lakini heshima kama ile ya lile koti sijaletewa tena.

Jeki ilibeba uzito, mimi nikaelekeza tu. Halafu sauti ikatoka nyuma ya koti.

"Mwaitu, inua kidogo."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Hakuwahi kuniita moja kwa moja.

"Hivi?"

"Kidogo tena. Basi." Nyundo ikapiga, pini ikaingia. Hakuhama. "Siku ile nilisikia unacheza. Nilitaka kunyoosha mkono niuvute. Ningekugusa."

"Ungenigusa, ndiyo."

"Nikaogopa."

"Na mimi nilikuwa nimejibana huko ili nisikuguse wewe," nikasema. "Tumekuwa na heshima mpaka nikavunjika nyonga."

Nyuma ya koti akacheka. Ndicho kile kicheko cha Kambu, nilikuwa nikikisikia kwa mbali tu. Binti yangu alitoka jikoni na titi nje kuona kumetokea nini.

Alimaliza pini ya chini, akaikata ile ndoano kwa msumeno, akaifunga kwa boliti mahali pake pa zamani, akapaka grisi. Mlango ukafunga kwa kidole kimoja, kwa sauti ndogo kama mtu anayefunga kitabu cha nyimbo. Wiki ile mwenye gari aliwaambia watu dukani kwamba ametengeneza mlango. Ametengeneza! Mtu ambaye hata grisi hakutoa.

Jumatatu nikapanda. Nilishika chuma cha mbele yangu kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Mkwe wangu hakuwasha gari. Aliangalia mbele, akasema polepole, "Mwaitu, kikapu kinaweza kwenda nyuma."

Nikakitoa. Nikaketi katikati ya upande wangu, mgongo wote kwenye kiti, mlango nikauachia nafasi. Kwenye ile kona mabega yetu yaligongana. Hakuna aliyekufa, mbingu haikuanguka. Yeye alitazama barabara, mimi nikatazama barabara, na Kambu tulifika nyanya zikiwa bado ngumu.