Kabureta ya Baba

Mdogo wake wa tumbo moja alimng'olea kabureta aliyoichagua kwa mikono yake, akafunga nyingine, na aibu ilipozuka akamtupia yeye. Huo ndio ubaya aliotendewa Mama Spana, na hakuna haja ya kuupaka sukari.

Gari lilikuwa la marehemu baba yao, la zamani, lenye taa za mviringo. Injini yake baba aliiacha vipandevipande ndani ya makarai. Mama yao, ambaye macho yalishazimika, alikuwa na ombi moja: "Mwanangu, nisikie tena gari la baba yenu likiingia getini. Basi."

Mama Spana hakukaa darasani hata siku moja. Alikulia chini ya meza ya karakana ya baba, akajua vyuma kwa kuvipapasa. Injini ile aliipanga kama mtu anayewatafutia watu wachumba: huyu anamfaa yule, yule hamfai huyu. Pistoni za kipimo kile kile cha zamani. Kamshafti ya upole, isiyofungua valvu kwa pupa. Matundu ya silinda hedi, yanayopitisha hewa, yalikuwa membamba, hivyo kabureta, inayoilisha injini petroli na hewa, nayo ilibidi iwe ndogo. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akaipata moja ambayo koo lake lilikibana kidole gumba chake sawasawa, kama lile la kabureta ya baba iliyooza kwa kutu.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Honi kwa kupenda makelele, aliitazama akabetua midomo.

"Dada, hiki si kikombe cha chai? Weka ya midomo miwili, gari livute pumzi!"

"Lina mapafu ya hiyo pumzi? Kabureta kubwa kwenye injini ndogo ni kumlisha mtoto mchanga kwa upawa. Atapaliwa."

"Haya, bibi mapafu."

Wakacheka wote wawili. Dada angejua, asingecheka.

Alipoiwasha mara ya kwanza, injini ilikohoa kidogo, ikatulia, ikaanza kuguruma polepole mpaka vinyweleo vikamsimama. Baba mtupu! Honi akasema analipeleka likaoshwe, mama alipokee liking'aa. Mama Spana akamkabidhi funguo, akaingia ndani kumwogesha mama yao.

Mama alivaa nguo yake nzuri, akaketishwa barazani, kichwa kakiinamisha upande wa geti. Mara wakasikia mlio. Gari liliingia likibweka, likitema moshi mweusi, likapiga mshindo kama bati linalodondoka, likazima katikati ya ua.

Mama alishika kifua. "Hilo si gari la baba yenu."

Mama Spana alikimbia, akainua boneti. Juu ya injini ilikaa kabureta nene ya midomo miwili, imepachikwa kwa kipande cha bati, petroli ikichuruzika pembeni. Alihisi kama amefungua mlango wa nyumba yake akamkuta mgeni kitandani.

"Nani kaniharibia?" mama akauliza kutoka barazani.

"Muulize Dada, Mama," Honi akajibu bila kupepesa macho. "Injini kaifunga yeye."

Na kweli aliifunga yeye. Kabla hajakanusha, alimgeukia kwanza mdogo wake huyo aliyembeba mgongoni utotoni.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "ungeniambia tu kwamba umeshindwa." Akainuka, akapapasa ukuta, akarudi chumbani kwake.

Mama Spana akaigonga kabureta ile nene kwa kidole. "Yangu iko wapi?"

"Nimebadilishana na jamaa mmoja pale pa kuoshea magari. Nikaona tumepata zaidi."

"Tumepata!"

Alimfuata mama chumbani, akaeleza yote. Mama akageukia ukutani. "Usimsingizie mdogo wako. Mdogo wako hajui hata kufungua nati." Tangu hapo hataki kusikia habari ya gari, na mtu akilitaja anaomba alale.

Honi bado anadaiwa na dada yake kabureta ile ndogo, airudishe mkononi mwake. Na anadaiwa kitu kingine, ambacho wauza vyuma wote hawana: akae kitandani pa mama, amshike mkono, aseme, "Ni mimi." Kila siku anasema kesho. Na siku hizi mama akiitwa mara moja haitiki. Masikio nayo yameanza kumuaga, kama macho.