Ng'ombe Zilizotulia kwa Telefone Yangu

Mucheke, lakini musicheke sana. Hapa Kitshanga mimi njo fundi wa vile vifaa tunavifunga ng'ombe kwa shingo. Betri yake inadumu, kwa sababu kifaa kinalala, kinaamuka kidogo, kinatuma kwa redio mpaka kwa antene yangu ng'ombe iko wapi na iko na joto gani, kisha kinalala tena. Nilijisifu mpaka kanisani.

Juzi asubuhi Papa Bahati alishuka mulima mbio. “Kaka, masasi ya bunduki imelia kule juu! Tuite vijana, twende tuone ng'ombe zangu.”

Nikafungua telefone, pale antene inanionyesha ng'ombe. Zote zilikuwa pamoja, hazitembei.

“Papa, zimelala, zinacheua. Zingekuwa zimeibiwa, zingekuwa zinatembea.”

“Na hii namba inashuka?”

“Ni joto ya mwili. Kule juu si kuko baridi?”

Nikamucheka mbele ya vijana waliokuwa wamesikia makelele yake na kushika mapanga. Wakarudi kukaa. Akapanda peke yake.

Muchana akarudi na bidon ya maziwa kwa bega. Mimi, na masomo yangu yote, nikamunyooshea kikombe.

Akaiinamisha. Haikutoka maziwa. Mikanda ya shingo ikaanguka kwa miguu yangu, yote imekatwa kwa kisu, vifaa vyangu bado viko juu yake.

“Njo hizi zilikuwa zinacheua,” akasema.

Vijana wakaniangalia. Ndani ya mufuko wangu telefone ikalia: ng'ombe zote zimefika nyumbani.