Kati ya Tano na Ishirini na Moja

Mpima maji wa mji mmoja mdogo wa Wisconsin, Marekani, alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, vidole vimebabuka kwa dawa. Kila chupa aliifuta mara mbili kwa pindo la shati, na namba aliziandika kwa penseli, kamwe si kwa wino. Marlys, ambaye binti yake alikuwa mjamzito, alikwenda kwenye mkutano wa mji kuhusu maji ya bomba kusikia neno moja tu: salama.

"Wastani wa risasi, madini yenye sumu, ni sehemu kumi na tatu kwa bilioni ya maji, na kikomo cha usalama ni kumi na tano," alisema mpima maji. "Ila nimepima nyumba nane tu. Wastani wa mji mzima waweza kuwa popote kati ya tano na ishirini na moja."

"Kumbe hujui, dada!" mwenyekiti wa mkutano akacheka.

"Bado sijui. Nipeni nyumba thelathini na mbili, upana wa makadirio hayo utapungua kwa nusu."

Marlys akasimama. "Anzia kwangu."

Baada ya wiki tatu mpima maji alisoma majibu kwa sauti ileile: kati ya kumi na sita na ishirini na nne, yote juu ya kikomo. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeuliza, taratibu, mabomba ya risasi yaanze kung'olewa mtaa gani.