Dengu za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipotoka hospitali, upande wake wa kulia ukiwa umelala kwa kiharusi, daktari alikuwa amemkataza nyama, mafuta mengi na chumvi. Kwa mwanamke wa Lindi aliyekulia tui la nazi, hiyo ilikuwa adhabu. Siku nne kila tulichompelekea alikikataa, akageuzia uso ukutani. Siku ya tano nikampikia supu ya dengu na mchicha, ile ya nyumbani kwetu milimani, akamaliza bakuli na kuomba jingine. Mume wangu alifurahi mpaka akawapigia simu ndugu zake wote. Mimi nilifurahi kuliko wao. Miaka minane nilikuwa mtu wa bara anayepika kwa maji mengi kama anazima moto, na sasa ukoo mzima unausifu mkono wangu!

Sifa hizo ndizo zilizonifunga. Tangu siku hiyo alikataa chakula cha mtu mwingine yeyote. Mchana supu, jioni supu, na lazima niipike mimi. Nikishuka mlima wa hapa Goba kwenda sokoni, natembea huku natazama saa. Jiko letu limepakana na chumba chake, na alipotaka kitu aligonga ukuta kwa kikombe cha bati. Ko, ko, ko. Kuna siku nilisimama dirishani, nimeshika nondo kwa mikono miwili, naangalia majirani wakienda kazini, mpaka mwanangu akaniuliza namsubiri nani.

Nami nilikuwa na kazi. Nilikuwa mkataji wa vitambaa kwenye karakana ya ushonaji Msasani, na mwenye karakana alinishikia nafasi yangu miezi mitano. Wa sita alinipigia. "Dada, mie nimevumilia. Jumatatu usipotokea, meza yako nampa mwingine." Nilipokata simu nilizichukia dengu, nikakichukia kile kikombe, na Mungu anisamehe, nikamchukia na mwenyewe aliyekuwa akikigonga.

"Mfundishe dada yangu," mume wangu akasema. "Mama akikubali cha dada, Jumatatu unaenda zako."

Wifi yangu alikuja kutoka Temeke siku ya Ijumaa, na mfuko wa nguo na moyo mweupe. Nikamwonyesha. Chambua mawe, osha, bandika na kitunguu, nyanya na tangawizi. Zikiiva, ponda nusu yake kwa upawa ili supu iwe nzito. Mchicha ukate dakika ya mwisho, utumbukize, funika, epua. Aliandika yote kwenye simu.

"Ndo hivyo tu, wifi?"

"Ndo hivyo tu."

Haikuwa hivyo tu. Kabla ya kuonja maji, dengu zile hukaangwa kavu kikaangoni, zikigeuzwa-geuzwa mpaka zinukie nyumba nzima. Bila hivyo ni supu ya kawaida, ya wagonjwa. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikaona ndugu wakimsifia yeye, na mimi nikirudi kuwa yule wa kuzima moto, nikaufunga. Nilijidanganya kwamba nitamwambia kesho.

Kesho yake wifi akapika peke yake. Mama alionja, akafumba mdomo. "Siyo hii." Jumapili akapika tena kwa uangalifu wote, na supu ikamchuruzika mama kidevuni mpaka kwenye khanga. Wifi alitoka chumbani analia.

"Basi, ni mkono," mume wangu akasema. "Mkono wa mtu utaufundishaje, jamani?"

Wote wakakubali kwamba ni mkono. Na mimi niliitikia kwa kichwa. Nilimsindikiza wifi mpaka barabarani, nikambebea mfuko wake, na njia nzima ananipa pole. Ningeweza kusema hata pale, bodaboda ikiwa tayari inanguruma. Niliona haya. Jioni hiyo nikamwandikia mwenye karakana kwamba sitaweza. Akajibu: Pole, dada.

Jumatatu mchana nilizikaanga dengu kwa hasira, kidogo niziunguze. Nikapika, nikaingia na bakuli, nikamwinua mama na kumwegemeza kwenye mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akala vijiko vitatu. Halafu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Leo umekaanga," alisema taratibu, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Jiko na kitanda changu ukuta mmoja, mwanangu. Kila siku naisikia harufu. Alipopika mwenzio sikuisikia. Nikajua hukumwambia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Nilikuwa na hofu, eti unataka kuniacha. Usiku kucha namwomba Mungu usiende." Jicho lake likajaa machozi, na ule upande wa uso unaofanya kazi ukatabasamu. "Kumbe na wewe hutaki kwenda. Na mie nikakusaidia, nikafumba mdomo."

Nilitaka kumwambia sivyo. Alikuwa ameshafungua kinywa, anasubiri, nikachota kijiko kingine nikampa.