Kompyuta Pana ya Mtengeneza Mabango ya Misiba

Bega la kulia la mtengeneza mabango ya misiba limeshuka kuliko la kushoto. Kompyuta yake, pana kama sinia, haiingii kwenye mkoba wowote Kumasi nzima, kwa hiyo huibeba kwenye mfuko wa mchele, na betri yake haimalizi saa.

"Si ununue ndogo, kaka?" Afrakoma alimtania siku alipoileta uani kwao, yeye na ndugu zake, saba kwa jumla, wakaizunguka kuchagua picha ya bango la marehemu mama yao.

"Ndogo mtagombania." Akapangusa kioo kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Akaikuza picha na, kama kawaida yake, akaanza kufuta makunyanzi, kisha kovu la kidevuni ambalo mama alilipata akitwanga mihogo ya fufu.

"Hilo liache!" wakapaza sauti wote, watu ambao hata rangi ya jeneza iliwashinda kukubaliana.

Umeme ulikuwa umekatika, na betri ikaanza kulia. Afrakoma alimwona mtengeneza mabango akinyoosha mkono aizime kompyuta, aokoe kazi yake, kisha akaurudisha mapajani. Akawaacha wamtazame mama yao mpaka kioo kikawa cheusi.