Burse Iliyonikuta Edani

Wito wa mahojiano ya burse, ufadhili wa masomo ya juu ng'ambo, ulinikuta nimekaa eda. Aliyeuleta ni mzee wangu wa kazi, mhandisi mwenye ofisi ndogo ya ushauri wa mazingira pale mjini Bujumbura. Hakuwa Mwislamu, lakini alijua taratibu za mtaa wetu wa Buyenzi, kwa hiyo hakuingia ndani. Alisimama uani, upande wa pili wa pazia, akapaza sauti kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mto.

“Madame, wamekuita! Burse ya troisième cycle! Muko wengi, watachukua mumoja tu.”

Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema ahsante, nikaendelea kuchambua. Alingoja kidogo, nadhani alitegemea nipige kigelegele au angalau niulize siku gani. Mama mkwe wangu ndiye aliyemuuliza.

Mume wangu alikuwa amefariki wiki chache kabla, kwa guruneti lililotupwa kwenye maegesho ya teksi karibu na soko. Alikuwa fundi magari, na asubuhi ile alikwenda kuchukua rejeta ya mteja. Hakuna aliyemkusudia yeye. Nasema kwa kifupi hivi kwa sababu ndivyo nilivyomwambia kila aliyekuja kuuliza, na mpaka leo sijapata namna nyingine ya kusema.

Sikulia. Hilo liliwaudhi watu. Wanawake waliokuja matangani walinitazama machoni, kisha tumboni. Machoni walitafuta chozi, tumboni walitafuta mtoto, na hawakupata kimojawapo. Bibi mmoja wa mtaani alininong'oneza kwamba nijifinye. Nilijifinya, kwa adabu tu, maana bibi yule alikuwa mkubwa kwangu.

Burse yenyewe ilikuwa fikra ya marehemu kuliko yangu. Kazi yetu ofisini ilikuwa rahisi kueleza. Mtu akitaka kujenga kiwanda, machinjio au barabara, sisi tulitangulia kabla ya tingatinga, tukapima maji na udongo, tukatazama nani anaishi upande wa chini wa mto, tukaandika kipi kitaharibika na nini kifanyike kisiharibike. Vita vilipoingia, hakuna aliyejenga tena. Tulikuja kazini, tukasoma magazeti ya zamani, tukarudi nyumbani. Mume wangu aliona mbali kunizidi.

“Vita itaisha,” aliniambia. “Watu watarudi na haraka ya kujenga. Lazima kuwe mutu wa kuwaambia fasi gani wasijenge. Uwe we.”

Burse za masomo ya aina ile zilikuwa chache, na kila moja na tabu yake. Moja ilitaka uwe mtumishi wa serikali. Nyingine ililipa chuo ikakuacha ujitafutie tiketi na pa kulala. Hii ilibeba yote, mpaka koti la baridi, ila ilitaka ofisi yako iahidi kukupokea utakaporudi. Mzee wangu aliahidi bila kupepesa macho, katika ofisi ambayo hata umeme ulishakatika. Mume wangu alifunga dosiye yangu, faili la maombi, kwenye karia ya baiskeli akaipeleka mwenyewe, kwa sababu siku hizo kuvuka mtaa wa Nyakabiga, penye vizuizi vya vijana, kulinitia hofu. Siku hizo bado nilikuwa na hofu.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hupaki hina, hutii wanja, hujifukizi udi, huvai cha kupendeza, na usiku hulali penginepo isipokuwa nyumbani kwa marehemu. Nilipokuwa msichana niliwaonea huruma wajane. Nilipoingia mwenyewe niliona hakuna cha ajabu. Mji mzima ulikuwa unaishi hivyo hivyo. Jua likielekea milimani Kongo, kila mtu alikuwa ameshajifungia kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Siku za ville morte, vijana walipoziba barabara kwa mawe na matairi, maduka hayakufunguliwa na hakuna aliyetoka hata mchana. Hakuna aliyekuwa akijifukiza udi Bujumbura mwaka ule. Mimi nilikuwa na jina la hali yangu, basi.

Shida ilikuwa je, mjane anaweza kwenda kuhojiwa? Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisema haiwezekani. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ameachiwa gereji, mama na mimi kwa mkupuo mmoja, na kila kitu kilichobaki alitaka kibaki pale pale kilipo.

“Watu watasema nini, Mama?”

“Watasema. Kinywa si chao?” akajibu mama yake, akatuma shehe aitwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na hereni kubwa za dhahabu ambazo sikuwahi kumwona bila kuzivaa, hata akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hatukuwa marafiki. Tuliheshimiana, na nyumba yenye heshima inatosha kulala. Alipofiwa na mwanawe alilia siku zile za mwanzo, akalia kwa sauti, halafu akanyamaza akaanza kunichunga mimi.

Shehe alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akakaa kwenye mkeka uani, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Alisikiliza. Akasema jambo lina nafasi: mjane hutoka mchana kwa haja, ili mradi arudi alale kwake.

“Sasa nikuulize we mwenyewe, mwanangu,” akasema. “Haja yako iko nini?”

Niliifikiria kwa dhati. Nilitafuta haja kama mtu anavyopapasa kiberiti gizani, na sikuishika. Sikuitaka burse ile, wala sikuikataa. Wangeniambia nikae ningekaa, wangeniambia niende ningekwenda. Haja ni ya mtu mwenye kesho.

“Sijui, Shehe,” nikasema.

Shemeji akashusha pumzi. Hapo ndipo mama yake alipoingilia.

“Haja iko yangu, Shehe. Mi nimezika mutoto. Huyu sitaki kumuzika akiwa anapumua.”

Shehe akasema basi niende, na jua lisinichwee nje.

Mahojiano yalikuwa Gihosha, kwenye nyumba ya kupanga iliyotazama ziwa kutoka mlimani. Mzee wangu alitupeleka kwa gari lake, mimi na mama mkwe kiti cha nyuma. Nilivaa gauni la rangi ya majivu lililopauka kwa kufuliwa, na kitambaa cheusi kichwani. Wenzangu waliokuwa wanangoja barazani walikuwa wamevaa suti, wana kalamu mifukoni. Mmoja alikuwa anakariri kitu midomo ikicheza. Nilimwonea huruma kidogo, kisha hata huruma ile ikaisha.

Ndani walikuwa watu watatu: mama wa Kizungu aliyeongoza, mwenzake kijana, na profesa wa hapa kwetu. Kijana akanyoosha mkono, sikuupokea, nikaweka wangu kifuani. Profesa alilitazama gauni langu akaelewa. Akainamisha macho mezani na hakusema kitu, na mpaka leo namshukuru.

Waliniuliza mambo ya vipimo, ya maji yatokayo viwandani, ya namna ya kuwahoji wakazi. Niliyajua, nikajibu. Kisha mama akauliza lile swali ambalo, niliambiwa baadaye, liliwaangusha wengine.

“Mteja wako ana kiwanda cha ngozi. Ripoti yako inasema uchafu wake utafika ziwani. Anakuomba uondoe sehemu hiyo. Utafanya nini?”

“Sitaondoa.”

“Na akikutishia?”

“Atanitisha kwa kitu gani?” nikauliza.

Wallahi sikuwa najigamba. Nilikuwa nauliza kweli. Nilitaka mtu anitajie kitu kimoja ambacho ningeweza kukiogopa, nikione. Wote watatu wakaandika.

Tulikuwa bado tunaongea wakati risasi zilipoanza kulia huko juu milimani. Haikuwa mbali sana. Yule kijana akateleza chini ya meza, profesa akasogea ukutani, mama akabaki na kalamu hewani. Mimi nilikuwa katikati ya kueleza kwa nini maji ya mto huchotwa juu ya bomba na chini ya bomba pia, ili ulinganishe. Nikamaliza kueleza. Ziliponyamaza, kijana akatoka chini ya meza akijipangusa magoti, nikamwuliza kama nirudie.

Nje, mama mkwe alikuwa amekaa pale pale barazani na tasbihi yake, peke yake, maana wale wenye suti walikuwa wamekimbilia jikoni. Tulishuka mjini kwa njia ya kuzunguka na tukafika nyumbani jua lingali juu ya ziwa. Nikaswali alasiri nikalala.

Wakanichagua mimi. Mzee wangu alikuja tena nyuma ya pazia, safari hii sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Alisema jopo lilivutiwa mno na ushupavu wangu. Mshauri wa mazingira, walisema, anahitaji moyo usioyumba, na huo hawajauona kwa mwingine. Nilitaka kumwambia kwamba moyo usioyumba na moyo usiokuwepo vinafanana sana ukivitazama kutoka upande ule wa meza. Sikumwambia. Alikuwa na furaha, na siku hizo furaha haikuwa inapatikana sokoni.

Halafu akasema tarehe ya kuondoka. Ilikuwa ndani ya eda. Zaidi ya mwezi mzima ulikuwa umebaki.

Alijaribu kuniombea ucheleweshaji. Jibu lilikuja la upole na fupi: masomo yanaanza yanapoanza, na nisipofika nafasi itakwenda kwa anayefuata. Shehe naye alipoulizwa akatikisa kichwa. Kutoka mchana kwa haja ni jambo moja, kwenda kulala ng'ambo ya bahari ni jingine. Alisema kwa huzuni, na naamini ilikuwa huzuni ya kweli. Shemeji jioni ile alikula vizuri.

Nilimfuata mama mkwe jikoni.

“Mama, mi nitabaki.”

Nilisema kwa wepesi. Kubaki kulikuwa kwepesi. Chumba changu kilikuwa na shati la mume wangu msumarini na nilishajua kila ufa wa ukuta. Hakuna aliyekuwa akinitaka kitu mle.

“Utabaki ufanye nini?”

“Nimalize eda.”

“Kisha?”

Sikuwa na kisha. Alinitazama muda, mwiko mkononi, mpaka sombe ikaanza kushika chini.

“Yeye ndiye alipeleka hii dosiye,” akasema. “Nenda.”

“Na eda, Mama? Dhambi yake?”

“Hiyo nitaongea na Mungu mi mwenyewe. We utafunga sanduku.”

Nilifunga sanduku. Sikuona kama nimeamua. Niliambiwa nikae nikakaa, niliambiwa niende nikaenda. Siku ya safari, shemeji alibeba mzigo mpaka kwenye gari bila kuniangalia. Mama mkwe aliniaga kwenye mlango wa chumba changu cha eda. Aliniwekea mkono kichwani, akasoma dua, akapuliza. Kisha akabaki pale pale mlangoni, hakunisindikiza hata uani. Nilidhani amekasirika, au anaogopa macho ya majirani. Ndege ilipopanda juu ya ziwa nilitazama kiti cha mbele yangu.

Huko nilikofika kulikuwa na baridi na watu wema. Nilihudhuria madarasa, nikaandika, nikapata alama nzuri. Nilikula kilichokuwepo. Jirani yangu wa bweni aliniuliza kama kwetu kuna vita, nikamwambia ndiyo, akaniuliza inakuwaje, nikamwambia watu hulala mapema.

Wiki kadhaa baadaye nikapiga simu kutoka kibanda cha kioo cha barabarani. Nyumbani hapakuwa na simu, ila Mwarabu mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu alikuwa nayo, na alikuwa na ukarimu wa kumtuma mtu akaite anayehitajika. Nikakata, nikangoja, nikapiga tena. Shemeji akaitika. Tukasalimiana, tukaulizana afya, gereji, mvua.

“Nipe Mama,” nikasema.

“Mama hawezi kuja.”

Kwetu miaka ile sentensi kama hiyo ilikuwa na maana moja tu.

“Amekufa?”

“Apana! Astaghfirullah. Muzima kabisa. Iko eda.”

“Eda ya nani? Baba si alikufa zamani?”

Nikasikia mtu dukani akipima kitambaa, kikichanika.

“Ya kwako, shemeji,” akasema. “Toka siku ile umetoka aliingia mu chumba yako. Alisema siku zenye zilibaki atakaa yeye. Amevua hereni, hapaki hata mafuta, hatoki hata kwenyi mulango wa barabara. Shehe alikuja kumwambia eda haikaliwi na mutu mwingine, Mungu hajaandika hivyo. Akamwambia, Shehe, mi sikukuuliza.”

Nilijaribu kusema kitu. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka si neno. Nililia mle kibandani kama wanavyolia kwetu, kwa sauti, nikimwita mume wangu kwa jina lake ambalo sikuwa nimelitamka tangu wamzike. Nje ya kioo watu walikuwa wamepanga mstari wakingoja zamu yao, na mmoja akavua kofia.

“Allo?” shemeji alikuwa anasema. “Allo? Shemeji, uko hapo?”

Nikamwambia niko hapa, asikate.