Simu ya Zamani Kwa Madobi

Siku yangu ya kwanza mezani pa simu, katika hoteli moja ya Diani, Msimamizi wa Mapokezi aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nasoma namba. Akasema, "Basi keti. Hapa kazi ni namba na adabu." Nikaketi. Walibadilika wakubwa, ikabadilika mitambo, mimi nikabaki hapo hapo.

Wa kwanza ulikuwa mtambo wa waya: mtu akiita, kitaa kinawaka, nawe unachomeka waya kwenye tundu la anayetakiwa. Nyuma ya hoteli, kwa madobi, kulikuwa na simu ya kukoroga kwa mkono. Baadaye iliondolewa, wakapewa ya kuzungusha, yenye duara la matundu ya kidole. Nyinyi hamkuiona, kwa hivyo nawaeleza. Ukizungusha tano, laini inakatika na kuungana mara tano upesi upesi, na mtambo unahesabu ile mikatiko.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, tukaletewa mtambo wa kompyuta pamoja na Fundi Mkuu, kijana wa bara. Vyumbani zikawekwa simu za kubonyeza. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Mgeni akichoka kusubiri, alikuwa akigongagonga kile kidude cha kuwekea mkonga, laini ikakatikakatika, nao mtambo ukadhani anazungusha namba. Anataka chai, anamwamsha mzee wa watu chumba kingine. Malalamiko yakajaa.

"Mathe, hii maneno ya kuzungusha nitaitoa kwa mtambo," Fundi Mkuu akaniambia. "Ni ya kizamani."

"Mimi si mathe wako. Na wenye simu hizo?"

"Si tutawauliza."

Meneja alikubali, ila akataka kila idara iulizwe kwanza. Fundi akapiga kutoka mezani pangu, mimi nina visikizio masikioni. Kwa madobi akajibu Bi Mwanatumu, mkuu wao.

"Mama, huko mko na simu ya zamani?"

"Ya zamani hatuna, mwanangu. Iliondolewa. Tuna mpya."

"Na inafanya kazi?"

"Si ndiyo hii tunayozungumzia?"

Sikuona kosa katika maneno hayo. Pale kwetu simu ya zamani ilikuwa ile ya kukoroga, basi. Fundi akaiondoa njia ya kuzungusha, na wageni wakatulia.

Juma lile lile kitaa cha madobi kikawaka, kisizime. Fundi akasema wameweka mkonga vibaya. Nikaingia kwenye laini, nikamsikia Bi Mwanatumu akihema.

"Nazungusha, nazungusha, haishiki. Mejumaa kabanwa mkono na pasi kubwa ya mashuka. Tuletee nesi."

Nesi alikwenda mbio, lakini mkono wa dobi yule ulikuwa umekwisha kuungua. Simu ile ukiipigia ilikuwa ikilia vizuri. Kutoka ndiyo ilikuwa haitoki, na hakuna aliyejaribu upande huo.

Meneja akatuita sote. "Niliagiza waulizwe."

"Waliulizwa," akasema Fundi.

"Niliulizwa," akasema Bi Mwanatumu, "na nilijibu kweli."

Nikamtafuta mwongo pale, simwoni. Meneja naye alimtazama huyu, akamtazama yule, akaamuru njia ya kuzungusha irudishwe. Ikarudishwa, na kesho yake wageni wakaanza tena kuamshana. Akaamuru iondolewe. Mwishowe Fundi akawapelekea madobi simu ya kubonyeza. Nilikwenda naye, nimwone Mejumaa, naye Bi Mwanatumu akawa anakigeuzageuza hicho chombo.

"Hii sasa ndiyo mpya?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile?"

"Ile ni ya zamani."

"Tangu lini?"

Fundi alikunja waya wake, akaondoka.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Bongwe. Vijana mnaofanya kazi za mitambo mnapita kuniuliza mambo yalikuwaje, nami nawaambia nilivyoyaona. Fundi alikuwa na haki, wageni walikuwa wanateseka. Bi Mwanatumu naye alikuwa na haki. Nikiyaweka pamoja hayakai.

Mejumaa ni jirani yangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, nazi hukuna kwa wa kushoto. Huja tukazungumza, na siku nyingine huniuliza, "Dada, lile kosa lilikuwa la nani?"

Ningekuwa na jina, ningempa.